Semei Kakungulu: Jemadari Aliyeipanga Bukedi kwa Watu Wake

Askari anayehamishiwa Tororo, Busia au Busitema hujifunza jambo moja kabla mwezi wake wa kwanza haujakwisha, nalo ni kwamba amefika katika nchi ya lugha nyingi. Katika kijiji kimoja atasikia Kisamia, katika cha pili lugha ya Wapadhola, na mwendo mfupi mbele yake atawakuta Wateso, Wanyole na Wagwere. Barabara kuu itokayo Jinja hupita Busitema, kando ya msitu, ikaenda hadi Malaba mpakani, na wasafiri wa mataifa mengi huipita mchana na usiku. Nchi hii, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Bukedi, haikuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Wazee wa koo ndio waliokata mashauri, na mtu alimtii yule aliyemjua.

Katika nchi ya namna hiyo serikali yoyote hukabiliwa na maswali manne. Kazi ya umma ipewe nani, naye atoke wapi? Nani amtangulie kumfunza? Alipwe nini? Na siku akiondoka, nani ashike nafasi yake? Leo maswali hayo hujibiwa na maofisa wa utumishi kwa kutumia ikama, yaani hesabu ya nafasi za kazi na watu wa kuzijaza. Zaidi ya miaka 120 iliyopita yalijibiwa na mtu mmoja, Semei Kakungulu, aliyekuwa na bunduki, kalamu na wafuasi wengi. Tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, maisha ya jemadari huyo, kwa kuwa mema yake na makosa yake yote yana faida kwetu.

UJANA WAKE

Kakungulu alizaliwa mnamo mwaka 1868 au 1869. Alikulia Kooki, nchi ndogo iliyokuwa na mtawala wake wakati huo, kusini-magharibi ya Buganda. Yapata mwaka 1884, Mwanga aliporithi kiti cha Ukabaka, kijana huyo alifika Buganda akajulikana upesi kuwa mwindaji hodari wa tembo. Katika zama zile pembe za ndovu zilikuwa mali ya wafalme na bidhaa ya kununulia bunduki. Mwindaji aliyejua kuongoza watu porini kwa majuma mengi, akawalisha na kuwarudisha salama, alikuwa tayari ni nusu jemadari.

Akajifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, akabatizwa kwa jina la Semei. Mwaka 1888 vita vya dini vilipowaka na Wakristo wakafukuzwa katika makao makuu, yeye alikuwa miongoni mwa waliokimbilia upande wa Ankole. Walipokuwa wakipigana kumrudisha Mwanga kitini, mwaka 1889 na 1890, jina lake likaanza kutajwa katika kila kambi. Baada ya vita akapanda ngazi ya vyeo hadi kuwa Kimbugwe, cheo ambacho kwa desturi ya zamani kilikuwa kikubwa mno katika jumba la Kabaka. Akaoa pia katika ukoo wa kifalme.

Lakini juu yake alisimama Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, naye hakuwa mtu wa kuondoka. Kagwa aliushika Ukatikiro tangu 1889 hadi 1926. Basi Kakungulu akaona kwamba njia ya kwenda juu imezibwa. Kila mtumishi aliyekaa miaka mingi chini ya mkuu asiyehama anaijua hali hiyo. Wengine hunung'unika, wengine hufanya fitina. Kakungulu aliomba uhamisho wa namna yake: akaacha makao makuu, akaenda Bugerere, mpaka wa kaskazini-mashariki, akawa chifu wa huko. Akajenga makao yake Galiraya, ukingoni mwa ziwa Kyoga, na kutoka hapo akavuka maji kuingia nchi ya Kaberamaido. Wafuasi wakamfuata kwa wingi, maana vijana wengi wa Buganda waliotaka vyeo walijua kwamba nyumbani vyeo vimejaa.

MAASI YA MWAKA 1897

Hapa hatuna budi kutaja jambo lililobadili hesabu zote. Serikali ya Waingereza nchini Uganda iliwategemea askari wa Kisudani. Askari hao walikuwa hodari, lakini hesabu ya utumishi wao haikupangwa. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wapagazi, nayo ilicheleweshwa. Walitembezwa kutoka vita hadi vita bila mapumziko, na mara kwa mara walitengwa na wake na watoto wao. Mnamo Septemba 1897, karibu na Eldama Ravine, walipoamriwa kufuata msafara mwingine mrefu chini ya Meja Macdonald, makampuni matatu yakakataa. Wakarudi magharibi hadi Busoga, wakaiteka ngome ya Luba, wakamwua Meja Thruston na wenzake. Ilichukua miezi mingi, na maisha ya watu wengi, wakiwamo Waganda walioitwa kusaidia, kabla ya maasi hayo kuzimwa mwaka 1898.

Hatuyasemi haya ili kuwasifu waasi. Askari aliyeinua silaha juu ya wakuu wake amevunja kiapo. Lakini ofisa anayeshika daftari la mishahara na la likizo naye ajue kwamba maasi yale yalianzia katika daftari. Malalamiko yalijulikana zamani, na hakuna aliyeyashughulikia kwa wakati.

Baada ya hapo serikali ilijikuta haina askari wa kutosha wa kuaminiwa, wala haina fedha. Na hapo upande wa mashariki alikuwapo Kakungulu, mwenye jeshi lake mwenyewe, ambalo halikuigharimu hazina hata rupia moja. Tarehe 9 Aprili 1899 watu wake, pamoja na askari wa Luteni Kanali Evatt, waliwakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Walango. Wafalme hao wawili wakahamishwa hadi visiwa vya Shelisheli. Ni kazi iliyompa Kakungulu sifa kubwa kwa Waingereza, ingawa wapo hadi leo wanaoikumbuka kwa uchungu, kwani Kabalega alikuwa ameilinda nchi yake kwa miaka mingi.

NGOME ZA BUKEDI

Mwishoni mwa mwaka 1899 akafika Sir Harry Johnston, aliyeagizwa kuifanya Uganda ijilipie gharama zake. Akaanzisha kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba moja. Lakini kodi haijikusanyi. Yahitaji mtu wa kuhesabu nyumba, wa kuandika, wa kupokea na wa kulinda. Kwa Bukedi, Johnston hakuwa na watu hao, akamwachia Kakungulu kazi. Kakungulu kwa upande wake alifahamu kwamba ameahidiwa kuwa mfalme wa nchi hiyo, Kabaka wa Bukedi. Tofauti ya maana hiyo ndiyo iliyoleta majonzi baadaye.

Mwaka 1901 aliweka makao yake Budaka. Kwa jicho la askari, mpango wake ulikuwa mzuri. Aliigawa nchi katika masaza, na chini ya masaza akaweka wakuu wadogo, kama ilivyokuwa Buganda. Kila eneo likapewa ngome, kila ngome ikapewa mkuu, na kila mkuu akapewa cheo kilichofanana na vyeo vya Buganda ili ajue yupo juu ya nani na chini ya nani. Ngome zikaunganishwa kwa barabara pana zilizonyoka. Kila walipokaa wakapanda migomba, maana jeshi lisilo na shamba hula kwa jirani. Watu wake waliojua kusoma na kuandika waliandikiana barua kutoka ngome hadi ngome, hata habari zikafika makao makuu kwa haraka. Ngome zilienea hadi nchi ya Wapadhola, upande wa Tororo ya leo.

Yeyote aliyewahi kupanga vituo vya polisi katika wilaya kubwa yenye askari wachache ataona kwamba Kakungulu aliijua kazi yake. Alijua umbali, alijua chakula, alijua ngazi ya amri. Kwa muda mfupi aliweka utawala mahali ambapo Waingereza hawakuwa na hata karani mmoja.

PENGO LA MPANGO

Lakini mpango huo ulikuwa na mapengo mawili makubwa.

La kwanza ni malipo. Maofisa na askari wa Kakungulu hawakuwa na mshahara wa serikali. Walikula walichotoa wananchi, na wananchi wasipotoa, walichukua. Ng'ombe wakachukuliwa, vyakula vikachukuliwa, watu wakalazimishwa kujenga barabara na nyumba za wakuu. Mzee wa Kipadhola au wa Kigwere aliyeona ng'ombe wake wakipelekwa ngomeni hakuwa na njia ya kupambanua kodi na wizi. Na kijana wa Kiganda aliyetumwa kukaa mbali na kwao, bila posho, hakuona kwamba anaiba, aliona anajilipa. Hivyo ndivyo mtumishi mwema hugeuka kuwa mnyang'anyi bila kubadili moyo wake, ila kwa kukosa haki yake mwisho wa mwezi.

Pengo la pili ni asili ya watumishi. Karibu wakuu wote walitoka nje. Hawakuijua lugha ya watu, wakawalazimisha wenyeji kutumia Kiganda. Hata jina Bukedi walilitoa Waganda, nalo lilikuwa la dharau, maana yake nchi ya watu wasiovaa nguo. Mahali ambapo wazee wa koo walizoea kukaa pamoja chini ya mti na kushauriana, akaletwa mkuu mmoja aliyeamuru. Hapakuwa na orodha ya vijana wenyeji waliokuwa wakifundishwa ili siku moja waishike kazi.

Mambo kama hayo hayakuwa ya upande mmoja wa mpaka tu. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 nchi ya Waluhya ilikuwa sehemu ya Uganda, ndipo ikahamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Huko nako Waingereza walimtumia Nabongo Mumia wa Wanga, na ndugu zake wakapelekwa kuwa machifu wa makabila mengine. Huko nako kukazuka malalamiko yale yale, kwamba wageni wamewekwa juu ya wenyeji.

KUSHUSHWA NA KUHAMISHWA

Malalamiko ya Bukedi yakawafikia Waingereza. Johnston alikuwa ameondoka Uganda mwaka 1901, na kila ahadi aliyoitoa kwa mdomo iliondoka pamoja naye. Mwaka 1902 ofisa William Grant akaichukua Budaka. Kakungulu, aliyejiona mfalme, akaambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Badala ya nchi aliyoitarajia, akapewa ardhi ya maili za mraba 20 chini ya mlima Elgon.

Hakulia wala hakuasi. Aliwachukua watu wake, akaenda huko, akafyeka vichaka, akapanda migomba, akachora barabara. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakafuata. Mahali hapo ni Mbale. Katika mwaka 1904 serikali yenyewe ikahama Budaka ikamfuata Mbale, na Kakungulu akarudishwa kazini. Mji mkubwa wa mashariki ya Uganda ulianzishwa basi na mtu aliyekuwa ameachishwa kazi.

Mwaka 1906 akahamishwa tena, mara hii kwenda Busoga, kuwa rais wa baraza la machifu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba cheo ni kidogo. Lakini kila mtu alifahamu kwamba uhamisho huo ulimwondoa Mbale, penye watu wake na ardhi yake. Alikaa Busoga hadi mwaka 1913. Kazi aliyoifanya huko ilikuwa ya namna nyingine, maana Busoga ilikuwa na watawala wake, na kazi ilikuwa kuwaweka katika baraza moja na kuwazoeza uandishi, hukumu na hesabu za kodi. Mwaka 1919 baraza hilo likapata rais Msoga, Ezekeri Wako, ambaye miaka 20 baadaye akawa Kyabazinga wa Busoga. Kiti kikarithiwa na mwenyeji aliyeielewa kazi.

Kule Bukedi na Teso haikuwa rahisi hivyo. Mawakala wa Kiganda waliendelea kukaa juu ya machifu wenyeji kwa jina la washauri, na kuondolewa kwao kulikwenda polepole, wilaya baada ya wilaya, kwa miaka mingi. Machifu wenyeji waliowafuata walirithi kiti, kodi na fimbo vile vile vilivyokuwa. Mnamo Januari 1960, wakati Wilaya ya Bukedi ilipokuwa na makao yake Tororo, wananchi waliwainukia machifu kwa sababu ya ukadiriaji wa kodi. Nyumba za machifu zikachomwa, watu wakapoteza maisha, na polisi wakapelekwa kutuliza ghasia. Hatusemi kwamba Kakungulu ndiye aliyeziwasha ghasia hizo. Alikuwa amekufa miaka mingi kabla yake. Twasema kwamba utumishi ulioanza kwa kuwatisha wananchi haukupata kurekebishwa sawasawa, na askari waliozaliwa baadaye ndio waliotumwa kuubeba mzigo.

MIAKA YA MWISHO

Kakungulu alirudi Mbale mwaka 1913 akiwa mtu mwenye uchungu. Wale aliowatumikia walikuwa wamepata walichotaka, naye hakuwa amepata alichokiamini kuwa haki yake. Moyo wake ukageukia dini. Kwanza alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, jambo lililomgombanisha na serikali. Kisha mwaka 1919, baada ya kusoma kwa makini Agano la Kale, akatahiriwa na kuanza kuishika Sabato na sheria za Musa. Jumuiya aliyoianzisha inaitwa Abayudaya, nayo ingali ikiishi karibu na Mbale hata sasa. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1928.

MAFUNZO KWETU

Wapo wanaomwita Kakungulu kibaraka, na wapo wanaomwita mwasisi. Sisi tunaona kwamba majina hayo mawili hayatoshi, maana hayamfai askari aliye kazini. Tumpime kwa maswali manne tuliyoyataja mwanzo.

Kwanza, kazi ipewe nani, naye atoke wapi? Kakungulu aliwapa wale waliomfuata. Ndivyo afanyavyo kamanda wa vita, naye hana la kulaumiwa wakati risasi zinapita. Lakini vita vikiisha na utumishi ukaanza, kazi yapasa igawiwe kwa hesabu ya mahitaji, si kwa hesabu ya marafiki. Kituo chenye wananchi wa lugha tano na maofisa wa lugha moja ni kituo chenye masikio yaliyozibwa.

Pili, nani amtangulie kumfunza? Katika jeshi twajua kwamba koplo hafanywi kwa siku moja. Busoga ilifaulu kwa sababu baraza lilikuwa pia darasa, na wenyeji waliketi ndani yake tangu mwanzo. Bukedi ilipata shida kwa sababu mwenyeji aliachwa nje akitazama.

Tatu, alipwe nini? Hapa twaomba kila mkuu akumbuke Luba na akumbuke Budaka pamoja. Kule Luba askari asiyelipwa aliwageukia wakuu wake. Kule Budaka askari asiyelipwa aliwageukia wananchi. Ugonjwa ni mmoja. Jeshi lisilogharimu hazina humgharimu mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni mkulima mwenye ng'ombe wawili.

Nne, nani ashike nafasi, na yule anayeondoka aende wapi? Kakungulu alitumika tangu ujana wake. Hakuwa na mkataba ulioandikwa wa kueleza cheo chake kina mipaka gani, wala kinakwisha lini. Alitegemea neno la mkuu mmoja, na mkuu huyo akaondoka. Mtumishi yeyote, awe jemadari au askari wa doria, anastahili kujua mapema masharti ya kazi yake, siku ya kustaafu kwake na kiinua mgongo chake. Tusimwache mtu aliyelitumikia taifa abaki akihesabu ahadi. Wengine hawatafanya kama Kakungulu, ambaye katika hasira yake alijenga mji.

Nchi aliyoipanga kwa ngome leo ina wilaya na shule zake. Busia imekuwa wilaya mbali na Tororo tangu mwaka 1997. Hapo Busitema, palipokuwa na chuo cha mitambo ya kilimo, kuna chuo kikuu tangu mwaka 2007, kinachofundisha uhandisi na kilimo kwa vijana wa Kisamia, wa Kipadhola, wa Kiteso na wa pande nyingine zote. Mpangaji wa leo akitafuta fundi wa magari, mpimaji au karani katika nchi hiyo, hana sababu ya kusema kwamba wenyeji wenye elimu hawapo. Kakungulu angeweza kusema hivyo mwaka 1901. Sisi hatuwezi.

Basi ndugu askari, unapopita Mbale ukaona jinsi mji ulivyokaa chini ya mlima, mkumbuke aliyeuanzisha. Na unapokaa na daftari la watu wako mbele yako, ukiandika nani aende wapi, kwa posho gani na kwa muda gani, ujue kwamba mstari mmoja ulioachwa wazi katika daftari hilo waweza kujazwa na wananchi kwa hasira yao, hata baada ya miaka 60.